Mtu Aliyeomba Kuachwa na Jembe Lake

Hotuba iliyosomwa na wakili mmoja mbele ya wanaharakati na waumini, mjini Kakamega



Tulipoalikwa kuzungumza katika mkutano huu, bila shaka wengi wenu mlitarajia tuje na vifungu vya Katiba, maana hiyo ndiyo kazi tuliyosomea na ndiyo inayotulisha. Tumekuja na kitabu cha hadithi. Tusilaumiwe upesi. Yapo mambo ambayo jalada la mahakama halina mahali pa kuyaandika: hofu ya mtu anayesikia mlango wake ukigongwa usiku wa manane, na aibu ya mtu anayeshangiliwa ilhali moyoni ajua hastahili. Mambo hayo huandikwa na watunzi wa riwaya. Harakati isiyoyajua itawaumiza watu wake yenyewe, hata kama madai yake ni ya haki.

Kitabu chenyewe ni A Grain of Wheat cha Ngugi wa Thiong'o, kilichochapishwa mwaka 1967. Alikiandika akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, wakati Uhuru wetu ungali mchanga. Waumini mmekwisha kutambua kwamba jina hilo limetoka katika mafundisho ya Bwana Yesu kuhusu punje ya ngano, Injili ya Yohana sura ya 12. Ngugi aliaga dunia tarehe 28 Mei 2025 huko Marekani, mbali na Limuru alikozaliwa. Wengi walimsifu siku zile. Sisi twaona kwamba heshima iliyo bora kwa mwandishi ni kumsoma, na kumsoma hasa pale anapotuchoma.

Wengi hukitaja kitabu hiki kuwa ni kitabu cha mashujaa. La hasha. Mhusika wake mkuu, Mugo, si shujaa. Ni yatima asiye na ndugu. Amelelewa na shangazi mlevi aliyemdharau, na shangazi huyo alipofariki, Mugo alibaki na vitu viwili tu duniani: kibanda na kishamba. Hana mke, hana rafiki, hana chama. Katika kijiji cha Thabai kila mtu ni wa ukoo fulani na kila ukoo una neno barazani. Mugo hana wa kumsemea. Matumaini yake yote ameyaweka katika udongo. Akilima, akapalilia, akavuna, huenda siku moja watu wakamwona kuwa naye ni mtu. Hiyo ndiyo maana ya uhuru kwake: kuachwa na jembe lake.

Bahati mbaya aliomba hayo wakati wa vita. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na haikuondolewa mpaka Januari 1960. Katika miaka hiyo zaidi ya watu milioni moja katika Mkoa wa Kati walihamishwa kwa nguvu na kupangwa katika vijiji vilivyolindwa na askari na homugadi. Mwezi Aprili 1954 mji wa Nairobi ulizingirwa, na maelfu ya wanaume wakapitishwa mbele ya watoa habari waliofunikwa magunia vichwani. Kichwa kikitikiswa, mtu huyo hupelekwa kambini. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa kwa hukumu za mahakama. Sheria za hali ya hatari ziliongeza makosa ya kunyongwa, na kushirikiana na wapiganaji wa msituni kukawa miongoni mwa makosa hayo.

Tafadhalini liwekeni akilini jambo hilo la mwisho, maana ndilo lililomfikia Mugo. Usiku mmoja Kihika, kijana wa Thabai aliyeingia msituni na kuiteka ngome ya polisi ya Mahee, anamwua D.O. aitwaye Robson, kisha anakimbilia kibanda cha Mugo. Kihika ni msomaji wa Biblia. Ameipigia mistari aya zinazosema juu ya utumwa na ukombozi. Anamwamini Mugo kwa sababu Mugo ni mnyamavu. Anamwomba awaandae watu kijijini, na kumtaka waonane tena msituni.

Hebu tumtazame Mugo usiku ule kama wakili anavyomtazama mteja. Akimkubali Kihika, serikali itamnyonga. Akimkataa, wapiganaji wanaweza kumwona kuwa adui. Akinyamaza tu, amekwisha kutenda kosa, maana mlango wake umefunguliwa na aliyeingia anatafutwa na dola nzima. Hajachagua vita, vita vimemchagua yeye, vikamkuta peke yake. Basi anakwenda kwa D.O. mwingine, Thompson, na kumweleza Kihika atakuwa wapi. Kihika anakamatwa na kunyongwa.

Hatukuja hapa kuusafisha usaliti. Kihika alikuwa na wazazi, alikuwa na dada yake Mumbi, alikuwa na maisha yake. Aliyemtoa alimtoa. Lakini twauliza swali ambalo Ngugi analiuliza pasipo kulitamka: kabla ya usiku ule, kosa la Mugo lilikuwa nini? Je, ni hatia kutaka kulima kwa amani? Dhuluma ya kwanza ya vita ni kwamba hugeuza ombi halali kabisa la binadamu kuwa jambo lisilowezekana. Mkoloni alimwambia Mwafrika, usiponitumikia u adui yangu. Msitu nao ulipojibu kwa maneno hayo hayo, mtu dhaifu hakuachiwa mahali pa kusimama.

Yumo mwingine katika kitabu hicho ambaye tusimsahau, kijana aitwaye Gitogo. Ni kiziwi na bubu, na ndiye tegemeo la mama yake mzee. Siku ya msako anakimbia nyumbani kumwangalia mama yake, askari wanampigia kelele asimame, hasikii, wanamfyatulia risasi. Hakuwa na silaha wala siasa. Twasema kila siku kwamba fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Ngugi amezipa nyasi hizo majina, Gitogo na Mugo, na tukisha kulijua jina la mtu ni vigumu kumkanyaga bila kutazama chini.

Ndugu zangu, hayo yangeweza kuonekana kuwa mambo ya Mkoa wa Kati na ya zamani. Lakini hatuna haja ya kwenda mbali na Kakamega kuyaona tena. Kaskazini yetu upo Mlima Elgon. Kuanzia mwaka 2006, ugomvi wa mashamba katika makazi ya Chebyuk ulizaa kundi lenye silaha lililojulikana kwa herufi SLDF. Kundi hilo liliwatoza wakulima kodi, likawafukuza wengine katika ardhi, likawakata masikio waliodhaniwa kuwa wapinzani, na kuua mamia ya watu. Kisha mwezi Machi 2008 serikali ikapeleka wanajeshi katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Wanaume walizolewa vijijini kwa maelfu, wengi wakapelekwa katika kambi ya Kapkota, wakapitishwa mbele ya watoa habari kama ilivyofanyika Nairobi mwaka 1954, na wengi wakateswa. Watetezi wa haki za binadamu waliyaandika hayo. Wapo wake waliowatafuta waume zao katika kambi na mahospitali bila kupewa jibu.

Mzee mmoja wa mlimani alituambia maneno mafupi. Alisema: "Usiku waliniuliza kwa nini sitoi mwanangu. Mchana wakaniuliza nimempeleka wapi." Hakuwa amesoma riwaya ya Ngugi, lakini Mugo alikuwa ameketi mbele yetu ofisini, na kofia yake magotini. Alichotaka ni kuvuna viazi vyake.

Twarudi kitabuni, kwa maana jambo zito zaidi lingali mbele.

Baada ya kumtoa Kihika, siku moja Mugo anamwona homugadi akimpiga mwanamke katika handaki la kazi ya lazima. Anaingia kati na kumzuia. Kwa tendo hilo anakamatwa na kuzungushwa makambini mpaka Rira. Huko anapigwa ili akiri kiapo ambacho hakuwahi kula. Hakiri, kwa sababu hana la kukiri juu ya kiapo. Wafungwa wenzake wanamwona kuwa ni jabali. Huko Rira watu 11 wanauawa kwa kipigo, jambo linalotukumbusha waliouawa Hola tarehe 3 Machi 1959, ambao nao walikuwa 11. Mugo anarudi Thabai akiwa maarufu. Watu wanaimba habari zake. Chama kinamtaka awe mzungumzaji mkuu siku ya Uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, amsifu Kihika mbele ya umati.

Hapa pana funzo kwetu sisi wa harakati. Watu wa Thabai hawakumwuliza Mugo yeye ni nani. Walihitaji shujaa, wakamtwaa mtu mnyamavu wakamvika joho la ushujaa, na kila alipokataa walizidi kusema, tazameni unyenyekevu wake. Mwanzoni alitengwa kwa kuwa hakuwa wa yeyote; mwishoni alitengwa kwa kuwa alikuwa wa kila mtu. Mara zote mbili hakuna aliyemsikiliza. Ni Mumbi peke yake, dada yake Kihika, aliyekuja kwake kama mtu kwa mtu na kumfunulia uchungu wa nyumba yake mwenyewe. Na mbele ya Mumbi ndipo ulimi wa Mugo ulipofunguka kwa mara ya kwanza.

Siku ya Uhuru ilipofika, wapiganaji walikuwa wamepanga kumtaja Karanja, aliyekuwa homugadi, kuwa ndiye aliyemsaliti Kihika. Mugo angeweza kunyamaza. Mwingine angebeba hatia, naye angebaki na sifa. Akasimama mbele ya umati akasema kwamba ni yeye. Twawaomba waumini mlipime tendo hilo. Mtu aliyeishi akijificha alijitokeza mwenyewe, bila kupigwa wala kuahidiwa msamaha, ili mwenziwe asihukumiwe kwa kosa ambalo hakulitenda. Karanja alikuwa na makosa mengi, lakini hilo halikuwa lake. Twathubutu kusema kwamba katika saa ile Mugo alikuwa huru kuliko wote waliokuwapo uwanjani.

Na Uhuru ulimjibuje? Usiku ule ule walimwita kibandani wamhukumu. Wapiganaji wawili ndio waliokuwa wazee wa baraza, na mama Wambui akawa hakimu. Hapakuwa na wa kumtetea. Hapakuwa na aliyeuliza juu ya usiku ule Kihika alipobisha mlango. Kitabu hakituonyeshi hukumu ikitekelezwa, lakini Mugo haonekani tena. Baadaye Wambui mwenyewe anabaki na wasiwasi, akijiuliza kama walifanya vyema kumhukumu. Sisi mawakili twasoma ukurasa huo kwa uchungu wetu wa pekee. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewahukumu Waafrika bila kuwasikia. Na katika riwaya hii, haki ya kwanza iliyotolewa chini ya bendera mpya ilitolewa vivyo hivyo, gizani.

Msidhani Ngugi alibuni hatari hiyo kutoka hewani. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani ilirudi mwaka 1966, chini ya serikali yetu wenyewe. Mwezi Oktoba 1975 mbunge wa Butere, marehemu Martin Shikuku, mwana wa Kakamega hii, alikamatwa katika majengo ya Bunge pamoja na Naibu wa Spika Jean Marie Seroney, kwa sababu ya maneno waliyoyasema Bungeni kuhusu KANU. Hawakuachiliwa mpaka 1978. Ngugi mwenyewe alichukuliwa tarehe 31 Desemba 1977, akakaa Kamiti karibu mwaka mzima bila kesi. Mwaka 1982 kifungu cha 2A kikaifanya nchi kuwa ya chama kimoja kwa sheria. Mwaka 1988 tukapangwa milolongo nyuma ya picha za wagombea, kura ya siri ikafa. Kifungu hicho kilifutwa Desemba 1991, baada ya watu kupigwa na kuuawa.

Sisi tulio katika miaka ya arobaini tulikuwa watoto siku zile. Tulichokiona ni wazazi wetu wakipunguza sauti ya redio mgeni alipoingia. Hawakuwa wasaliti wala vibaraka. Walikuwa akina Mugo: walitaka watoto wasome, mahindi yakomae, na usiku upite salama. Viongozi wetu wa mageuzi, tukianza na marehemu Masinde Muliro na Shikuku mwenyewe, walihatarisha maisha yao, nasi twawaenzi. Lakini vyama vingi havikuletwa kwa ajili ya mashujaa peke yao. Vililetwa ili mtu aweze kukipenda chama hiki, au kile, au asipende chochote, na bado alale usingizi.

Ndiyo sababu twaogopa tunapowasikia baadhi ya vijana wetu wakisema kwamba asiyeandamana ni msaliti, na kwamba jina lake liandikwe. Twazijua hasira zao. Baada ya maandamano ya Juni 2024 vijana waliuawa na wengine wakachukuliwa na watu wasiojulikana, mchana kweupe. Mama mmoja alikuja ofisini kwetu kutafuta wakili wa mwanawe, nasi tukamwambia arudi kesho kwa kuwa tulikuwa na kesi nyingine. Ukweli ni kwamba tuliogopa. Kesho yake alirudi, na tukaenda naye mahakamani. Lakini usiku ule mmoja ni wetu, hatuwezi kumsukumia mtu mwingine. Basi hatuna nafasi ya kumcheka Mugo.

Na tena tusisahau kwamba adui wa Uhuru katika riwaya hii si Mugo peke yake. Yumo mbunge. Gikonyo seremala na wenzake wanakwenda kwake kuomba awasaidie kupata mkopo wa kununua shamba la mlowezi. Anawaahidi. Kumbe analinunua yeye mwenyewe. Yeye haitwi kibandani usiku. Watu hutumia siku nyingi kumsaka msaliti mdogo wa jana, na msaliti mkubwa wa leo anapita katikati yao akipungiwa mikono.

Tukiyakusanya hayo yote, twaona kwamba kipimo cha harakati yetu kitakuwa namna tunavyomtendea mtu aliyetaka tu kuachwa na jembe lake. Kwa hiyo twaleta mbele yenu mambo matatu.

La kwanza, tuzilinde kwa pamoja haki ambazo Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 25, inasema haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote: mtu asiteswe, asifanywe mtumwa, asinyimwe kesi ya haki, na aliyeshikwa aletwe mbele ya mahakama ikiagizwa hivyo. Kifungu cha 49 kinampa aliyekamatwa saa 24. Kila kanisa hapa liwe na orodha ya mawakili na nambari zao ukutani, karibu na ratiba ya ibada. Mtu akichukuliwa usiku, mama yake asianze kutafuta asubuhi.

La pili, tusimlazimishe mtu. Tumshawishi, tumwombee, tumweleze. Akikataa, tumwachie mlango wake. Harakati inayogonga milango usiku imekwisha kuwa serikali nyingine.

La tatu, tuandae mahali pa kukiri. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa Rais mwezi Mei 2013, na yaliyotendeka Mlima Elgon yamo ndani yake. Imekaa kabatini miaka mingi. Huko mlimani wapo waliotoa majina ya jirani zao kwa kuogopa kupigwa, na wapo waliopigwa kwa sababu ya majina hayo. Wote wanachota maji mto mmoja. Serikali isipowakutanisha, makanisa yanaweza kuanza. Mwaka 1992, wakati wa mapigano ya kikabila, makanisa mengi ya magharibi na Bonde la Ufa yaliwafungulia milango waliochomewa nyumba, wala hayakuwauliza chama chao. Kazi hiyo haijaisha. Na yeyote atakayekiri kosa la jinai, ahukumiwe na mahakama ya wazi, akiwa na mtetezi, wala si na kibanda cha gizani.

Wahubiri wetu hutufundisha kwamba punje ya ngano haina budi kuanguka katika udongo na kufa ndipo izae. Tumezoea kumwona Kihika kuwa ndiye punje hiyo, na kwa haki. Lakini tukisoma kwa makini, Mugo naye alianguka. Tofauti ni kwamba punje yake haikufukiwa na mtu yeyote. Iliachwa juu ya mwamba, na sisi hatujui ingezaa nini kama angepatikana hata mmoja wa kumsikiliza mapema.

Mchungaji amekwisha kututangazia kwamba baada ya mkutano huu meza itawekwa pale mlangoni kwa wanaotaka msaada wa kisheria. Tutakaa hapo mpaka wa mwisho atakapoondoka. Asiyetaka kuandikisha jina lake asiandikishe; aje tu, tumsikilize.